Nduguye Beverlyne

Asubuhi ya posa ya Beverlyne, Kaberia aliingia jikoni kwa shemeji yake bila hodi, akamkuta akimenya viazi vya kupondea mukimo, akasema lililomleta akiwa bado mlangoni.

"Mama Runji, huyu kijana leo asionekane."

Gladwell hakuuliza ni kijana gani. Mwenda alikuwa ameketi miguuni pake akichezea maganda, akiyanusa moja moja kabla ya kuyabandika kwenye gauni la mama yake. Alikuwa na miaka kumi na minne na masharubu yalikwisha kuchipuka, lakini kinywani mwake kulikuwa na neno moja tu, "Be," nalo ndilo jina alilompa dada yake.

"Nimpeleke wapi, Kaberia? Hapa ndipo kwao."

"Kwa Gacheri hapo ng'ambo. Jioni atarudi. Hawa watu wanatoka mbali, huko Mbeere, hawatujui. Wakimwona wataanza kuuliza ni ugonjwa gani huo na umetoka upande gani, halafu msichana ndiye ataumia. Hata ndugu yangu angekuwa hai angekwambia hivyo hivyo."

Gladwell hakuamini kwamba marehemu mumewe angetamka maneno kama hayo, lakini hakubishana. Alimtazama Beverlyne, aliyekuwa akipiga pasi gauni lake mezani, akangoja yeye ndiye akatae. Beverlyne ndiye aliyemfundisha Mwenda kushika kijiko na kufunga vifungo vya shati. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kifafa kinakuja, akamlaza ubavu kabla hajaanguka. Alipopata kazi ya duka kule Makutano alikataa kupanga chumba mjini, akawa anarudi nyumbani kila jioni, maana Mwenda hakukubali kulala mpaka amemnusa mikono. Mtu wa namna hiyo, Gladwell alijiambia, hawezi kunyamaza.

Beverlyne aliupiga pasi mkono mmoja wa gauni, akaurudia, akaurudia tena. Kisha akaichomoa pasi, akamshika nduguye mkono.

"Twende tukamsalimie Gacheri," alimwambia.

Mwenda akaenda naye anacheka.

Wageni walifika na bunda la miraa, mtungi wa asali na maneno mazuri. Kithaka, bwana harusi mwenyewe, alikuwa mwalimu aliyefundisha karibu na Meru mjini kabla ya kuhamishiwa kwao Siakago, huko huko Mbeere. Alikuwa mtu mpole, anayeongea akiangalia chini. Mama yake, Rwamba, aliketi karibu na Gladwell, akausifu ukijani wa milima ya huku na maji yanayotiririka kila mahali. Chakula kilipokuwa kikipakuliwa akauliza, kama mama anavyomuuliza mama mwenziwe:

"Na wewe mkwe wangu, Mungu alikujalia wangapi?"

Kaberia alijibu kabla Gladwell hajameza mate. "Wawili tu, mama. Runji ndiye mkubwa, yuko Meru mjini na familia yake. Na huyu mliyemfuata."

"Wawili ni baraka," Rwamba akasema.

Gladwell alimpa sahani. Alikuja kulikumbuka sana pengo hilo la maongezi, maana lilikuwa na nafasi ya neno moja, na neno lenyewe alikuwa nalo, akampa mgeni sahani badala yake.

Jambo likishasemwa mbele ya wazee ni kazi kulirudisha. Siku ya harusi Mwenda alifichwa tena kwa jirani yao Gacheri, safari hii akiwa amelala kwa dawa iliyozidishwa kidogo. Picha zikapigwa bila yeye. Beverlyne akaenda zake Siakago.

Mwenda alimtafuta. Alimtafuta chini ya kitanda, akamtafuta kwenye zizi la ng'ombe, akamtafuta katikati ya michai mpaka wachumaji wakamrudisha akiwa amekwaruzika mashavu. Chakula alikula akilazimishwa. Kifafa, ambacho dawa zilikuwa zimekituliza, kilianza kumwangusha hata mara mbili kwa juma moja. Beverlyne alikuja kuwaona miezi ile ya mwanzo, akiwa peke yake, akaondoka na macho mekundu. Alipopata mimba akawa anapiga simu. Gladwell akimwekea Mwenda simu sikioni, kijana aliisikia sauti, akaigeuza simu kuangalia upande wa nyuma, kisha akailamba. Baada ya muda Beverlyne aliomba asiwekewe tena. Alisema hawezi kuvumilia.

Mtoto alizaliwa wa kiume, akapewa jina la babake Kithaka, Nyamu. Gladwell alitamani kwenda kumwona lakini hakuwa na wa kumwachia Mwenda. Gacheri alikuwa amehamia kwa binti yake Timau.

Miezi ikaenda hivyo, mpaka Gladwell mwenyewe akaanza kuvuja damu isiyokatika. Daktari alimweleza kwamba kizazi kimejaa uvimbe na kitatolewa. Operesheni yenyewe, alisema, si ya kuogopa sana, ila akitoka hapo asiinue kitu kizito kwa muda mrefu, kama mwezi na nusu hivi.

"Ndoo je?"

"Hata ndoo."

Mwenda alikuwa amemzidi kimo. Kila asubuhi Gladwell alimwinua kitandani, akambadilisha nguo zilizolowa, akamkalisha kwenye beseni. Akianguka, ni yeye aliyemwokota.

Alimwendea Runji. Walizungumza nje ya nyumba yake, maana mkewe alimwogopa Mwenda tangu alipomvuta mtoto wao mdogo nywele. "Mama, si kuna mahali wanachukua watoto kama hao?" Runji akasema. Gladwell alikwenda. Shule moja ya bweni ilimwambia hawachukui asiyejipeleka choo. Nyumba moja ya watoto, iliyoendeshwa na watawa, ilimwambia huyu sasa ni mwanamume, hawawezi kumlaza na wadogo. Hakuna aliyemfukuza. Wote walimpa chai, wakamwambia pole, na mtawa mmoja alimsindikiza mpaka langoni akamwombea.

Ndipo akaamua kwenda Siakago. Hakupiga simu kwanza kwa sababu alijua angeambiwa asije.

Waliteremka huko mchana, jua likiwa limekaza, Mwenda amevaa sweta ya baridi ya kwao na jasho linamtiririka. Nyumba ya Kithaka haikuwa mbali na sokoni. Uani ndengu zilikuwa zimeanikwa juu ya turubai, na Rwamba alikuwa ameinama akizipepeta, kwa kuwa alikuja mara kwa mara kumsaidia mkaza mwanawe na mtoto. Kabla Gladwell hajafungua kinywa kusalimu, Beverlyne alitokea mlangoni.

"Be!" Mwenda akapiga kelele. "Be! Be!"

Alikimbia juu ya ndengu, zikatawanyika, akamkumbatia dada yake, akamshika mikono yote miwili na kuitia usoni. Alikuwa akicheka kwa sauti ambayo Gladwell hakuwa ameisikia tangu harusi. Beverlyne alisimama kama mti. Mikono yake ilikuwa puani kwa nduguye, na macho yake yalikuwa kwa mama mkwe wake.

"Haya, na huyu ni nani?" Rwamba akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Beverlyne aliivuta mikono yake taratibu.

"Ni kijana wa jirani yetu," Beverlyne akasema. "Mama huwa anamsaidia."

"Maskini. Na anavyokupenda! Mpe uji, Beverlyne, mvulie hiyo sweta, ataungua." Rwamba akaleta kiti yeye mwenyewe, akamkalisha Mwenda kivulini, akamfuta jasho kwa leso yake. Kisha akamgeukia Gladwell. "Mama yake alimtupa?"

"Mama yake yuko," Gladwell akasema.

"Sasa anawezaje kumwachia mtu mwingine kazi kama hii?"

Gladwell alinyoosha mikono aletewe mjukuu.

Alikuwa mtoto mzuri, mweusi, mwenye macho makubwa, na alikuwa na miezi tisa. Gladwell alimweka kifuani, na kichwa cha mtoto kikaanguka begani mwake, kikalala hapo. Akakinyanyua kwa kiganja. Kikaanguka tena. Akaijaribu mikono: vidole gumba vilikuwa vimekunjwa ndani ya ngumi, na ngumi hazikufunguka. Uani Rwamba alikuwa akikusanya ndengu na kuongea juu ya mvua iliyochelewa. Gladwell aliendelea kuitikia, "Eeh, eeh," lakini hakusikia hata neno moja. Mikono yake iliujua uzito ule. Ilikwisha kuubeba.

Beverlyne aliwasindikiza hadi stendi akiwa amembeba mtoto mgongoni. Walipopita duka la mwisho, Gladwell alisimama.

"Bevy. Mtoto hakai."

Beverlyne hakugeuka. "Wanasema wavulana huchelewa."

"Nani anasema?"

"Mama mkwe. Anasema hata Kithaka alichelewa."

"Umempeleka hospitali?"

"Nilimpeleka. Daktari aliniuliza kama kuna mtu kwetu mwenye shida kama hii, au kifafa." Sauti yake ilianza kukatika. "Mama mkwe alikuwa amekaa hapo hapo, Mama. Amemshika mtoto. Ningesema nini? Nikasema hakuna."

"Rudi ukaseme ukweli. Hata kwa Mwenda hawakujua kama ni damu ya ukoo au ni vile nilivyokaa na uchungu muda mrefu, hawakujua. Lakini kuna mazoezi ya viungo, wanaanza wakiwa wadogo hivi. Mimi nilikaa miaka mitatu nikimngoja Mwenda asimame, watu wananiambia atasimama. Usikae kama mimi."

"Nikisema, watajua niliwadanganya. Watasema nililijua jambo hili, nikaingia nalo kwao nimelificha. Kithaka ataniambia nini? Na huyu watamwangalia vipi? Leo wanambeba, Mama. Kila mtu anambeba."

Gladwell alitaka kumwambia kwamba Rwamba alikuwa amemfuta Mwenda jasho kwa leso yake mwenyewe. Alitaka kumwambia kwamba labda mama yule angeelewa. Lakini hakuwa na hakika. Kumfuta jasho mtoto wa jirani ni jambo moja, na kumpata mjukuu wa namna hiyo ndani ya nyumba yako ni jambo lingine, na yeye mwenyewe, aliyemzaa Mwenda, alikuwa amempa mgeni sahani akanyamaza.

"Mimi ndiye niliyekufanya hivi," alisema.

"Nilimshika mkono mimi mwenyewe, Mama. Hukunituma."

Mwenda alikuwa amelishika shati la Beverlyne kwa nyuma, anamnusa mtoto miguu. Beverlyne akauliza walikuwa wamekuja kwa nini, maana haikuwa kawaida kuja bila kusema. Gladwell aliufikiria uvimbe, daktari, mwezi na nusu. Alimtazama mtoto aliyelala na shingo yake iliyopinda juu ya kanga.

"Nilitaka tu kumwona mjukuu," akasema.

Gari lilipojaa, Mwenda alikataa kupanda. Alilishikilia lile shati mpaka kifungo kikakatika. Kondakta na watu wawili walimbeba, akawapiga mateke, akalia kwa sauti ya mwanamume mzima, na watu wa stendi wakasimama kutazama. Beverlyne alirudi nyuma hatua kadhaa, amejiziba mdomo. Mtoto mgongoni aliamka na kulia, na hapo Beverlyne akageuka akaondoka haraka, maana mtu yeyote pale angeweza kumwambia mama mkwe wake aliyoyaona. Mwenda alilia mpaka Embu. Baada ya Embu kifafa kikamshika ndani ya gari, na abiria waliokuwa karibu wakahama viti.

Tarehe ya operesheni ilifika, Gladwell hakwenda. Muuguzi alipompigia simu kuuliza, alisema atakuja kazi ya kuchuma majani chai ikipungua. Muuguzi akamwambia damu haingoji majani chai, kisha akaona si mtu wa kubishana naye, akamwambia basi ajitahidi kula mboga za kuongeza damu. Runji alipouliza, aliambiwa ni hospitali iliyoahirisha. Alishukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo, Gladwell akamsikia.

Beverlyne alipiga simu Jumapili moja baada ya ibada. Alisema wote ni wazima.

"Mtoto amekaa?" Gladwell akauliza.

"Mtandao unasumbua, Mama. Nitapiga baadaye."

Hakupiga. Gladwell naye aliacha kupiga, kwa kuwa kila mara simu ilipokelewa na Rwamba, na Rwamba alikuwa mtu wa kuuliza habari za kila mtu, pamoja na za yule kijana wa jirani. Alitaka kujua kama mama wa kijana huyo amekwisha kumwonea huruma.

Mvua za masika zilianza kwa nguvu mwaka huo. Asubuhi moja ilitulia kidogo, na Gladwell akatoa shuka za Mwenda nje azifue kabla haijarudi. Alilibeba beseni hadi katikati ya ua, akasikia tumbo likivutwa kwa chini, kisha joto la damu likimteremka miguuni. Aliliweka beseni chini polepole, akaketi juu ya gogo la kupasulia kuni. Ua mzima ulikuwa ukizunguka. Ndani ya nyumba Mwenda alikuwa ameamka na kuanza kupiga ukuta kwa kiganja, kama anavyofanya akiwa amelowa na ana njaa.

"Nakuja," Gladwell akaita, lakini sauti haikufika mbali.

Ukuta ukapigwa tena, kwa nguvu zaidi. Alijishika kwenye gogo, akangoja miti iache kuzunguka, na ilipopunguza mwendo kidogo akainuka, akaingia ndani kumwinua.