Shamba Lenye Kichuguu

Kashindye alipunguzwa kazi mwaka wa tisini na sita, baada ya kusimama kwenye mashine ya kufuma kwa miaka kumi na tisa. Kiwanda cha nguo pale Mwanza kilikuwa kimepata mmiliki mpya, na mmiliki mpya hakutaka watu wengi. Akauza kitanda na kabati, akavuka kwa feri hadi Kamanga, akashika njia ya kijijini kwa marehemu baba yake. Mara ya mwisho kukaa huko alikuwa na miaka minane.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anawahi msibani, akamwonyesha shamba kwa mkono tu. "Lile kule, lenye kichuguu kikubwa."

Kichuguu alikiona. Shamba lenyewe lilikuwa limemezwa na vichaka.

Kashindye hakujua kitu. Kiwandani king'ora ndicho kilichomwambia lini aanze na lini ale. Hapa jua lilipanda tu, likashuka. Aling'oa mihogo akidhani ni magugu, kisha akairudisha ardhini, mingine kichwa chini. Mara nyingi alisimama katikati ya vichaka, jembe mkononi, akijiuliza kama hii ndiyo kazi au anajichosha bure.

Na hakumwelewa kabisa jirani yake, mama mmoja mzee aitwaye Tereza. Kila mchana mama huyo alileta bakuli la michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando, akaliweka chini, kisha akakagua matuta mstari kwa mstari.

"Hapa rudia," alisema. "Na huko bondeni panda viazi."

Kashindye alirudia. Alidhani ndivyo watu wa kijijini wanavyokaribisha mgeni.

Miezi minne ikapita. Alipanda minyaa iwe ua kuzunguka shamba, akanunua mbuzi wawili apate samadi, na mahindi yakamfika kifuani. Ndipo Tereza alipouliza, "Nathaniel amekwambia atakuja lini?"

"Nathaniel yupi, mama?"

"Mwanangu. Si ndiye aliyekuleta unilimie? Alisema akipata chochote huko machimboni Geita atanitafutia mtu."

"Mama, hili ni shamba la baba yangu, Mzee Malimi."

Tereza akanyoosha mkono kuelekea korongoni. "La Malimi liko ng'ambo ya korongo. Nalo lina kichuguu. Walipochonga barabara ya kwenda kwenye feri, njia ikahamia huku, ndiyo maana ukakiona hiki kwanza."

Wakaenda kuangalia. Ng'ambo ya korongo palikuwa na kichuguu kingine, na vichaka vizito kuliko vile alivyofyeka. Kashindye akageuka, akayatazama mahindi aliyoyaacha nyuma.

"Sasa mimi nimelima nini?"

"Umelima kwangu," alisema Tereza. Naye akakaa chini, kama aliyesahau walichofuata. "Na mimi nilikuwa namfokea nani siku zote hizo?" Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo mwanangu hajaleta mtu."

Kashindye alikuwa na maneno mengi ya kudai jasho lake. Aliposikia hilo, yote yakampotea. Akakaa kando yake. Hakuna aliyejua mahindi yale yalikuwa ya nani.

Waliyavuna pamoja, wakagawana nusu kwa nusu. Mvua zilipokaribia, Tereza alivuka korongo na jembe lake bila kuitwa, wakaanza kufyeka shamba la Malimi kutoka chini kwenda juu. Mwaka wa tatu mashamba yote mawili yalikuwa na mihogo, mtama na viazi. Mbuzi walikuwa tisa, na dukani walikwenda kwa chumvi, sabuni na mafuta ya taa tu. Nathaniel hakuja, wala hakuandika.

Watu walipomuuliza Kashindye yeye na Tereza ni nani kwa nani, alianza kueleza kuhusu barabara na vichuguu, akafika katikati, maneno yakamvurugika.

"Tunalima tu," alisema.