Nguo Arobaini na Moja Kibarazani

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona miaka thelathini na minne kwenye kibaraza kimoja, katikati ya mji, kati ya kinyozi na duka lililofungwa. Kinyozi ni mtoto wa marehemu dada yangu, kwa hiyo ananiita mama mdogo, ingawa kwa umri huu udogo niliobaki nao ni wa macho tu.

Mtaa wetu ulikuwa umekufa. Sisemi ulikuwa unakufa. Maiti ikishaoshwa huiiti tena mgonjwa. Watu walikwenda kununua kule barabara ya nje, kwenye maduka mapya yenye ngazi zinazopanda zenyewe, sisi wakatuachia njiwa. Ndipo manispaa ikaleta shauri lake: vibaraza vya upande wetu vibomolewe, pawe maegesho ya magari. Ofisa aliyetumwa alikuwa mtu wa adabu. Alisema wakazi tujadili kwanza, kisha baada ya mwezi turudi tunyooshe mikono.

Tukajadili, katika ukumbi wa shule. Mpwa wangu kinyozi akasema mji umeuawa na kodi. Mwenye duka la dawa akasema hapana, umeuawa na wanaume wanaokojoa ukutani. Kisha akasimama Mwalimu, mstaafu, ambaye nusu ya watu mle ndani aliwafundisha na nusu aliwachapa.

"Tusidanganyane," akasema. "Jino likioza ling'olewe. Mimi sijakanyaga mtaa ule miaka sita, na sijapungukiwa na kitu."

Makofi yakapigwa. Mimi nikawaza. Kibaraza kikibomolewa nitakwenda wapi? Nyumbani kwa mwanangu, nikakalishwe kitini, niulizwe kila saa kama nimekunywa maji. Nikasimama bila kuruhusiwa.

"Mwalimu, umepungukiwa. Suruali yako ya kijivu iko kwangu mwaka wa sita huu. Imeshonwa, imepigwa pasi, inakungoja kama mke wa baharia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamgeukia mwenye duka la dawa. "Wewe usicheke, koti lako liko pale pale. Na wewe huko nyuma, uliyejibanza nyuma ya mke wa watu, mashati yako mawili nayo yapo. Mnamtafuta muuaji wa mji? Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe ninazo mimi."

Nilirudi kibarazani nikafungua kabati na kuzihesabu nguo ambazo wenyewe hawakuzifuata. Arobaini na moja.

Hapa lazima niwaeleze namna yangu ya kazi. Nilisoma mpaka darasa la saba na mwandiko wangu hauna neno, lakini majina ya watu hayanikai kichwani. Miili ndiyo inayonikaa. Kwa hiyo daftarini siandiki jina la mteja, naandika umbo lake: Bega Moja Juu. Tumbo Kwanza. Kifua cha Jogoo. Magoti Yanayosalimiana. Nguo ikiisha naibandika karatasi yenye maneno hayo kwa ndani, na mteja akija naibandua kabla hajaiona. Ndiyo maana nina marafiki mpaka leo.

Jumatatu nilizitundika zote kwenye kamba, kibaraza kizima. Karatasi nikazigeuza nje.

"Mama mdogo," mpwa wangu akaninong'oneza, "umesahau kubandua zile karatasi."

"Mwanangu, nina uzee, sina usahaulifu."

Kufikia Jumatano mji mzima ulikuwa na habari. Wa kwanza alikuja mwenye duka la dawa, anatembea upande upande kama kaa.

"Koti hili la Tumbo Kwanza ni la nani?"

"Livae, tujue."

Halikufunga. Likabaki kwangu niachie mishono lipanuke, naye akaambiwa arudi Ijumaa kujaribu, maana mimi sitoi nguo ambayo mwenyewe hajaijaribu mbele yangu. Wanaume wawili waligombania Kifua cha Jogoo, na koti lenyewe halikumwenea yeyote kati yao. Makalio ya Kukopa ilikaa wiki nzima bila mwenyewe, mwishowe akamtuma dada yake, nikamrudisha amwite mwenyewe. Wengine hawakuwa na nguo kwangu kabisa, walikuja kusoma tu na kucheka wenzao. Walipochoka kucheka wakakaa kwa kinyozi wakanyolewa. Mama wa ghorofani akateremka na chupa ya chai na benchi. Hata mwenye lile duka lililofungwa alikuja kuona kama ufunguo wake bado unazunguka. Ulizunguka kwa mafuta na matusi.

Mwalimu ndiye aliyekuja mwisho, zikiwa zimebaki siku nne tupige kura. Akasimama mbele ya suruali yake, akavaa miwani.

"Magoti Yanayosalimiana," akasoma polepole. "Ndiyo mimi huyu?"

"Mkeo ndiye aliyekuita hivyo. Mimi niliandika tu."

Akaipangusa miwani. Kando ya suruali lilining'inia gauni la buluu, na karatasi yake ilisema: Hapimiki. Nilimwona anaisoma, akairudia.

"Hili je?"

"Ni lake. Unakumbuka, mlikuja pamoja. Futi ikimgusa kiunoni anacheka, anakimbilia mlangoni. Nilimpima mara tatu nikapata viuno vitatu."

Walikuja kupimwa siku moja, na kabla ya wiki mbili kwisha tulikuwa tumemzika.

"Sikujua kama gauni liliisha," Mwalimu akasema.

"Nililimaliza jioni ile ile tuliyotoka makaburini. Sikujua mikono niifanyie nini."

"Mbona hukuniletea, dada?"

"Nilisema nikikuletea, hutakuwa na sababu ya kuja."

"Na sikuja."

"Hukuja. Hapo nilikosea, Mwalimu. Nisamehe."

Alilishika gauni pindoni kwa vidole viwili, kama mtu anayepima joto la maji. "Nilijaribu," akasema. "Kila nikifika pale konani nasikia kicheko chake, narudi. Mwisho nikauchukia mtaa mzima. Ni rahisi kuchukia mtaa kuliko kulia barabarani."

Nikaitungua suruali kambani, akaenda kuivaa ndani. Nikampandisha kwenye kigoda. Suruali ilikuwa pana sasa, amekonda yule. Nikamtia pini kiunoni, nikamwambia arudi Alhamisi. Gauni nililikunja kwa karatasi safi, akaondoka nalo amelikumbatia, na watu kwenye benchi wakampisha bila kuambiwa.

Siku ya kura yeye ndiye aliyesimama wa kwanza. Nilikaa nimeshika ukingo wa kiti.

"Wiki nne zilizopita niliongea kwa hasira," akasema. "Vibaraza vibaki. Tena msiongee sana, mimi Alhamisi naenda kujaribu suruali."

Mikono ya kubomoa ilikuwa saba, na wa saba nadhani alikuwa anajikuna. Ofisa akaandika, akasema vibaraza vimepewa mwaka mmoja, kisha tutaangalia tena. Kuna walionuna, wakasema mwaka ni nini. Kwa umri wangu mwaka ni shamba zima. Nilimshika ofisa mkono nikamshukuru mpaka akaona haya. Nikamshukuru Mwalimu, nikamshukuru mama wa chai, nikamshukuru hata yule aliyejikuna.

Kesho yake nilichelewa, usingizi ulikuwa mtamu. Nilipotokea nikakuta watu watatu wameketi kwenye ngazi yangu wananung'unika: fundi gani huyu, jua lote hili, watu wana shughuli zao. Miaka mingi sikusikia manung'uniko mlangoni pangu. Nikawaambia poleni wanangu, kisha nikafungua kufuli polepole kabisa, ili wanung'unike kidogo tena.