Vifuniko Vyeupe

Mtaa mzima unasema nilikosea. Wanasema Emilienne fundi hakujua, Mkristo yule, atajuaje mambo ya Waislamu? Wananitetea hivyo mbele ya uso wangu, na mimi nanyamaza. Lakini nilijua. Nimezaliwa Kasongo, nimeshona Kasongo miaka ishirini na sita, na nimekaa kwenye misiba ya majirani zangu mara nyingi kuliko nilivyokaa kwenye harusi zao. Sanda naijua.

Bibi Mounira alikuwa jirani yangu, ukuta mmoja unatutenganisha. Alikuwa na mjukuu mmoja tu wa kike, Safia, na Safia alikuwa amechumbiwa na mfanyabiashara wa Salamabila, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Macho ya Bibi yalikuwa yameshaingia ukungu. Mtu alimtambua kwa sauti, nguo aliitambua kwa vidole. Siku moja akaja kwangu na furushi alilolifunga mwenyewe, akalitua juu ya mashine yangu ya kushonea.

"Mama Bruno," akasema, maana wananiita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "hivi ni vikwembe vyangu vyote nilivaa tangu niliolewa. Umutengenezee mutoto blanketi. Akilala kule Salamabila, alale na miye."

Ningeshona vipande vya mraba kama kila fundi anavyoshona, ningemaliza kwa wiki moja, na leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mdogo wangu Aurélie, anayekaa Kindu, alikuwa amenitumia foto kwenye simu. Blanketi la pembetatu tupu, lakini ukilitazama unaona masanduku yamesimama, moja limeegemea jingine, mpaka unataka kunyanyua mguu usijikwae. Niliizungusha ile simu sokoni kote. Niliwaambia wenye meza, wapita njia, hata waliokuja kununua chumvi, kwamba mimi Emilienne nitalishona, na watu watapiga hodi kwenye blanketi. Mdomo wangu huo, sijui nani alinipa.

Kazi yenyewe ni hii. Kila pembetatu iwe sawa pande zake zote tatu, zisipishane hata kwa uzi mmoja. Sikuwa na vifaa vya shule. Nilichora mstari kwenye kartoni, nikafunga kamba kwenye kalamu, nikazungusha kutoka ncha hii na kutoka ncha ile, na pale mizunguko miwili ilipokutana ndipo penye kilele. Kitenge kikuukuu ukikikata mshazari kinavutika kama lastiki, kwa hiyo nilivichovya vyote kwenye maji ya wanga wa muhogo, nikavipiga pasi ya makaa mpaka vikakakamaa. Pembetatu sita zinafanya sanduku moja. Mbili nyeupe ndizo kifuniko, mbili za rangi ya wastani ni ubavu mmoja, mbili za giza ni ubavu wa pili. Ukikosa nyeupe huna kifuniko, na bila kifuniko huna sanduku.

Na vitenge vya Bibi havikuwa na nyeupe. Vilikuwa na nyekundu, kijani, manjano ya embe, samaki, majani, vyote vinapiga kelele kwa pamoja. Nilishona mistari minne, nikaipeleka sokoni, nikaitandika kwenye meza yangu, nikarudi nyuma kutazama. Hakuna kilichosimama. Kilikuwa kimelala bapa. Faradji, muuza vitambaa wa meza ya jirani, akainamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Mama Bruno, masanduku iko wapi? Miye naona mukeka tu."

Wote wakacheka. Nilikunja kazi yangu nikaenda nyumbani na masikio yamewaka moto. Faradji alikuwa na pamba nyeupe mezani kwake, hatua kumi kutoka meza yangu. Mita mbili zingenitosha. Lakini kununua kwake, baada ya kicheko kile, niliona heri nife.

Nyumbani nikalifungua furushi lote mpaka chini, nikitafuta chochote cheupe. Katikati ya vitenge viwili vya mwisho nikakuta mfuko wa plastiki, na ndani yake kitambaa cheupe kipya, kirefu, kizito, kimekunjwa vizuri. Nilipokifungua tu harufu ya kafuri ikanijaa puani.

Nilikaa nacho mapajani muda mrefu. Wazee wengi wa hapa kwetu wanajiwekea sanda zao mapema, wasije wakawa mzigo kwa watoto siku ya siku. Niliona wazi kilichotokea: Bibi alifungasha kwa kupapasa, akakokota na kisichohusika, maana ndani ya plastiki vidole havikukitambua. Nilichotakiwa kufanya ni kuzunguka ukuta tu, nimwambie, Bibi, hiki si cha blanketi. Badala yake nikajiambia labda ni shuka. Kisha nikaitia ile shuka ndani ya beseni, nikaifua kwa sabuni. Harufu haikutoka. Nikaifua tena. Mtu hafui shuka mpya mara mbili.

Siku iliyofuata nilikata. Pembetatu themanini na nne, vifuniko vya masanduku arobaini na mawili. Kilichobaki nikakiweka kando, nije kukilaza katikati ya blanketi, kati ya juu na chini, kilipe uzito na kisionekane tena. Nikaunga mstari wa kwanza, na masanduku yakasimama. Ee Mungu wangu, yalisimama! Nilipiga makofi peke yangu ndani ya nyumba.

Siku ya tatu nikasikia sauti ya Bibi Mounira ng'ambo ya ukuta, juu, kali, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa anamuuliza Waridi, mke wa mwanawe Ibrahim. Waridi ni mwanamke mpole wa Wamaza, upande wa Kabambare, Mubangubangu kwa kabila, aliyeletwa kwa pikipiki miaka minane iliyopita na hajazoeleka bado. Ufunguo wa sanduku la nguo la Bibi ulikuwa unakaa kwake.

"Ile nguo Djafari alinitolea Maka! Ameichovya mu maji ya Zamzam na mikono yake! Umeipeleka wapi?"

"Bibi, haki ya Mungu, sijaigusa."

"Ufunguo iko na nani?"

Djafari alikuwa kifungua mimba wake. Alihiji, akarudi na kile kitambaa, na mwaka uliofuata akafa. Hilo nililijua pia, ila nilikuwa nimelisahau kwa kutaka. Maji ya Zamzam nilikuwa nimeyafua mara mbili, nikayamwaga kwenye mtaro.

Jioni Bibi akaja kwangu, anashika ukuta.

"Mama Bruno, haukuona nguo nyeupe mu furushi?"

Pembetatu nyeupe zilikuwa zimeanguka chini ya mguu wangu, kwenye pedali ya mashine. Nikasema, "Hapana, Bibi."

Neno moja. Nilidhani nitalirekebisha kesho yake. Lakini kesho yake Bibi alikataa kula chakula kilichopikwa na Waridi. Keshokutwa mtaa ukaanza kusema watu wa Kabambare hivi na vile, na kwamba Waridi ameiuza, maana wanawake wa machimboni wananunua chochote. Wiki haijaisha Ibrahim akatangaza kwamba harusi ikipita atamrudisha mkewe kwao Wamaza, maana hawezi kukaa na mwizi wa sanda ya mama yake. Kila siku deni la ulimi wangu lilikuwa linapanda, na kila siku nilishona mstari mwingine. Nilimwona Waridi akichota maji, macho yamevimba, akanisalimu kwa adabu. Niliitikia. Nilijichukia, lakini niliitikia vizuri kabisa, kama mtu asiye na lake.

Siku ya kumpelekea bibi arusi vyombo, wanawake walijaa uani kwa Bibi. Jua lilikuwa kali. Sufuria, sahani, mikeka, vyote vimepangwa, kisha mimi nikaitwa mbele na blanketi langu. Nikalikunjua. Vigelegele vilipanda mpaka Faradji, aliyekuwa anapita njiani, akachungulia uani, mdomo wazi.

"Aa! Inasimama!"

Hayo ndiyo maneno niliyoyatamani mwezi mzima. Yalinipita sikioni kama upepo, maana nilikuwa namtazama Waridi. Alikuwa peke yake kwenye mafiga, mgongo ametupa, hakuna aliyemwita kuja kuona.

"Muniletee na miye," Bibi akasema. "Miye naona na vidole."

Wakamkalisha kwenye mkeka, wakamtandikia blanketi mapajani. Akaanza kupapasa. "Hiki kya kuzaliwa kwa Djafari. Hiki kya Idi, mwaka baba yenu alijenga nyumba." Wanawake wakacheka, Safia akalia. Kisha vidole vikafika kwenye kifuniko cheupe, vikasita. Vikaenda kwenye kingine, na kingine. Kafuri ukiifua inalala, ikipata jua inaamka. Bibi akainua ncha ya blanketi, akaiweka shavuni, akavuta pumzi.

 Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Sasa, nikajiambia, sasa sema, Emilienne. Badala yake nikainama kuunyoosha upindo wa blanketi.

Bibi akageuza uso kuelekea mafiga.

"Waridi! Kuja hapa, mutoto wangu. Nguo yangu imeonekana. Ni miye mwenyewe nilimupa Mama Bruno, nikasahau. Uzee huu. Unisamehe mbele ya hawa wote."

Waridi akaja mbio, akaanguka magotini pake, na Bibi akamshika kichwa. Wanawake wakapiga vigelegele upya. Kila mtu alikuwa analia kwa furaha, na wakaniambia, pole Mama Bruno, wewe hukujua.

Walipotawanyika, Bibi akanizuia kwa kunishika kiganja.

"Ulikifua?" akauliza polepole.

"Ndiyo, Bibi."

"Mara ngapi?"

Ningeweza kusema moja. "Mbili."

Akaniachia kiganja. "Kumbe," akasema.

"Bibi, nitalifumua lote. Nitatoa kila kipande."

"Utafumua mutoto blanketi yake ya arusi? Wacha. Waridi ndiye uliumiza. Miye nimemuomba pardon mahali pako. Sehemu yako imebakia."

Safia aliondoka kesho yake, blanketi limefungwa ndani ya turubai nyuma ya pikipiki. Mchana huohuo Waridi akaja kwangu na sahani iliyofunikwa. Ugali, samaki wa Nyangwe, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa na mawese mpaka inang'aa. Akanipigia magoti.

"Mama Bruno, aksanti. Bila blanketi yako, saa hii ningekuwa mu njia ya Wamaza. Umeniokoa."

Nilikuwa nimeshanawa. Nilimega tonge la kwanza, nikalichovya. Nikalirudisha kwenye sahani.

"Waridi," nikasema, "nilijua. Nilijua ni sanda siku ya kwanza. Bibi aliponiuliza nilikataa, na nilisikia kila kitu walichokuambia. Huu ukuta unasikia."

 Sikuona hasira usoni mwake. Niliona mtu anayehesabu siku zile moja moja. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kifuniko, akaifunika sahani, akaibeba, akarudi nayo kwake. Hakunitukana. Hakumwambia mtu hata leo. Angenitukana, ningepata pa kuanzia.

Bibi Mounira alifariki mwezi wa tatu baada ya harusi, siku ya Ijumaa asubuhi. Katika mtaa wetu mkasi mzuri ni mmoja, wangu, na kila msiba unapotokea kwa majirani huwa wanauazima, nami huwa naufuata, nakaa na wanawake mpaka mwisho. Nilipomsikia Waridi akilia ng'ambo ya ukuta, nilioga, nikavaa kitenge changu cha msiba, nikafunga kilemba, nikasubiri mlangoni na mkasi mkononi.

Akaja. Macho mekundu, sauti ya chini.

"Naomba makasi."

Nikampa, nikavuta mlango nyuma yangu ili tufuatane.

"Makasi tu, Mama Bruno," akasema. "Weye bakia."

Akaenda. Nikabaki palepale. Baada ya muda nikausikia mkasi wangu ng'ambo ya ukuta, ninaujua mlio wake, unakata kitambaa kipya kilichonunuliwa asubuhi ile kwenye meza ya Faradji, kitambaa ambacho Djafari hakukishika. Nilisimama kusikiliza mpaka uliponyamaza, kilemba changu kimefungwa vizuri, na sina pa kwenda.