Kushika kwa Vidole

Tangu mwaka jana mkono wa kuume wa Zéphirin ulikuwa umegoma kutulia. Mezani uliviringisha tonge la bukari mpaka mchuzi ukapoa. Kanisani ulikaa mfukoni, ukibinyabinya chungwa. Hata sokoni Kasongo, kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, mteja alikuwa anaeleza habari za mnyororo na yeye anarusha spana juu na kuidaka, juu na kuidaka, mpaka mteja anauliza kama amefika kwa fundi au kwa mcheza mazingaombwe.

Sababu ilikuwa Kabambare. Mcheke ukitaka, mtu wa miaka hamsini na minne kukosa raha kwa ajili ya mipira ya chuma, lakini ungekuwa pale siku ile usingecheka.

Mchezo wenyewe ni petanki. Mapadri wa zamani waliuacha uani nyuma ya kanisa pamoja na bule zao, yaani hiyo mipira ya chuma inayojaa kiganjani. Watu wanacheza wawili kwa wawili, na kila mtu ana bule zake tatu. Kinatupwa mbele kigololi cha mbao, wanakiita koshone. Mmoja kazi yake ni kuweka: anaipeleka bule taratibu ikalale karibu na koshone. Mwenzake kazi yake ni kupiga: bule ya wapinzani ikikaa vizuri, anaitandika itoke. Kwa miaka kumi na tisa Magloire, jirani yake, aliweka, na Zéphirin akapiga. Ukimtaja mmoja umemtaja na mwingine, kama bukari na mboga ya sombe.

Mwaka jana walikwenda Kabambare kucheza na timu ya huko. Zéphirin ni mzaliwa wa upande ule, Lusangi, na dada zake wawili walitoka nyumbani alfajiri na kuku wa kukaanga na viti vyao wenyewe kichwani, waje kumtazama ndugu yao. Ikabaki bule ya mwisho. Aipige tu ile ya wenyeji, basi, Kasongo imeshinda. Akaikosa kwa hatua nzima. Dada zake hawakusema neno baya hata moja. Walimpangusa vumbi, wakamwekea paja la kuku, na hilo paja ndilo lililomuua. Wangemtukana ingekuwa nafuu.

Basi alitaka kurudi Kabambare, asimame palepale, mbele ya viti vilevile, atupe vizuri. Hakuwa na haja nyingine duniani mwaka huu.

Kosa alizitupia bule zake. Eti zimezeeka, zimekuwa laini, zinateleza. Akamtafuta Chadrack, mfanyabiashara anayepeleka mabuti na pampu kwa wachimbaji wa dhahabu kule Salamabila, na ambaye hufika Bukavu kununua mali. Akamwomba amletee bule mpya za ukubwa uleule. Ukubwa upi? Hapo Zéphirin akafanya kama tunavyofanya sote tukiagiza viatu vya mtoto mbali: alichukua uzi wa pamba, akauzungusha kwenye bule yake, akafunga fundo, akakata. Chadrack akautia mfukoni mwa shati, akapanda pikipiki yake, akaenda.

Ilikuwa Septemba, na mvua ilimpiga Chadrack siku mbili nzima. Mtu alilowa, shati likalowa, uzi ukalowa. Akakausha vyote pamoja juu ya moto. Sasa, uzi wa pamba ukilowa ukakaushwa hivyo unanywea, unakuwa mfupi, na kila mama aliyewahi kufua nguo mpya anajua. Lakini Chadrack hakuwaza hilo, wala Zéphirin, mwanaume mzima anayepima milimita za magurudumu kila siku.

Siku Chadrack alipopiga simu kutoka Bukavu kusema amepata, Zéphirin alishindwa kungoja. Jioni ileile alichukua bule zake za zamani, zote tatu, akampelekea Magloire, ambaye zake zilikuwa zimeanza kutu. Akamwambia chukua ndugu yangu, hizi ni zako. Magloire ana mkono mdogo, mkono wa mshona nguo, na zile bule zilikuwa kubwa kwake. Mtu yeyote angeliona hilo. Lakini kwetu mtu akikupa kitu ni lazima akuone unakitumia, la sivyo umemwambia kitu chake ni takataka. Kwa hiyo Magloire alizitumia kuanzia kesho yake, akazisifu mbele ya watu.

Wiki mbili baadaye bule mpya zikafika, zinang'aa, nzuri sana, na ndogo. Zéphirin alitia moja kiganjani ikapotea humo. Alifunga vidole, ikacheza. Alirusha, ikamtoka kabla ya wakati, ikaanguka njiani. Akazipima na ule uzi aliorudisha Chadrack, zikalingana nao barabara. Ndipo akaelewa, akakaa juu ya gurudumu akajitukana kwa Kibangubangu, maana Kiswahili hakikumtosha.

Kuziomba zile za zamani? Afadhali ale majani. Kuomba kitu ulichokwisha kutoa, hata mtoto anachekwa.

Njia ilikuwa moja. Kama bule haitaki kujaa kiganjani, basi asiishike kwa kiganja. Aishike kwa ncha za vidole, katikati pabaki hewa. Baada ya miaka thelathini ya kushika kwa kiganja! Mwezi mzima alijifunza, asubuhi kabla ya kibanda na jioni baada ya kibanda, na katikati alijifunza na nyanya, na vitunguu, na gololi za baiskeli. Kucha zilimuuma. Usiku vidole vilikunjuka vyenyewe juu ya blanketi. Mkewe Marcelline alivumilia mpaka siku alipomkuta anashika yai la kuku namna hiyo. Akamwambia kama mkono huo umekosa kazi, kuna beseni la karanga linangoja kumenywa. Zéphirin akamenya, na kila karanga aliishika kwa ncha za vidole.

Na bado hakupiga. Bule ilikuwa inatoka vidoleni inajizungusha kinyumenyume, inapanda, inaanguka, halafu inasimama palepale ilipoangukia. Haigongi kitu. Aliilaani kila mara. Mpigaji ataifanyia nini bule inayosimama?

Wiki ya mwisho ya Oktoba Hippolyte, prezida wa klabu, akatangaza kwamba mwaka huu hakuna kwenda Kabambare kwa mazoea. Kila mtu atajaribiwa Jumamosi, wapigaji kwanza, waweka baadaye, na wawili walio bora ndio watakaopanda pikipiki. Wote walijua anamfikiria nani. Kulikuwa na Plamedi, kijana wa taksi-moto, yaani pikipiki za abiria, anayepiga bule kama anavunja mawe.

Jumamosi uwanja ulikuwa umejaa. Plamedi akapiga nne kati ya tano. Zéphirin akapiga moja, na ile moja yenyewe iliguswa tu. Watu wakatazama viatu vyao. Akawaona akilini dada zake wamekaa kwenye viti vyao Kabambare, wanamtazama mtu mwingine.

Halafu Hippolyte akaita waweka, na akasema anayetaka ajaribu, hata aliyekwisha kupiga.

Magloire alianza, na bule za zawadi. Ya kwanza ikapita koshone kwa hatua mbili. Akafuta kiganja kwenye suruali. Ya pili ikapita tena. Ilikuwa wazi kwamba mkono haukuweza kuizuia. Ilimtoka yote kwa mara moja. Hippolyte akamuuliza kwa nini asilete zile zake alizozizoea, ziko nyumbani, ni kutu kidogo tu. Magloire akamtupia jicho Zéphirin, akatabasamu.

"Hizi ndizo zangu," akasema. Akatupa ya tatu, ikapita.

Zéphirin akaingia kwa sababu miguu yake haikuweza kusimama nje. Akaishika bule kwa vidole, akarusha. Ikapanda, ikaanguka, ikasimama kiganja kimoja kutoka kwenye koshone. Watu wakanong'ona. Akarusha ya pili, ikalala kando ya ya kwanza. Sasa na yeye alikuwa ameelewa. Kile alichokilaani mwezi mzima ndicho kinachotafutwa na mtu wa kuweka, na mahali pa kuweka palikuwa pa Magloire.

Alibaki na bule moja. Aliweza kuiharibu. Ilikuwa rahisi mno, kulegeza kidole kimoja tu, na hakuna ambaye angejua. Alisimama pale muda mrefu akimfikiria Magloire, akilifikiria na lile paja la kuku na viti vya Lusangi. Kisha akairusha kwa vidole vyote, vizuri kuliko zote, na ilipokuwa bado hewani alijua itakapolala.

"Plamedi atapiga," akasema Hippolyte. "Papa Zéphirin ataweka."

Magloire ndiye aliyeongea wa kwanza, na aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ni muzuri. Mimi mugongo ilikuwa inanisumbua, safari ya pikipiki ni ndefu."

Mgongo wake haukuwahi kumsumbua siku moja. Zéphirin alijua. Neno lilimpanda mpaka kooni: prezida, mupe atupe na bule zake mwenyewe, hizi nilimupa mimi, ni kubwa kwake. Neno fupi tu. Lingechukua muda wa kupiga chafya.

"Asante, prezida," akasema.

Alipogeuka, Magloire alikuwa anaziokota zile bule kubwa moja moja, anazipangusa kwa shati lake. Hakurudi kwa njia yao ya siku zote. Alishika ile ndefu inayozunguka msikitini, akaenda polepole, na Zéphirin hakumwita. Akapita njia fupi, karibu anakimbia, bila kujua anakimbia nini.

Marcelline alimpokea mlangoni, mikono ina unga.

"Baba Pascaline, umepata?"

"Nimepata."

Alitaka kuendelea. Alifungua mdomo ili aendelee. Lakini Marcelline alikuwa ameishi mwaka mzima na ule mkono, na furaha ilimshika kabla ya mengine. Alikwisha kufika kwenye ua wa matete unaotenganisha nyumba yao na ya Magloire, anamwita mke wa Magloire kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Mama Estelle, songa bukari ya kutosha leo. Wazee wetu wanarudi Kabambare."

"Wote wawili?" akauliza Mama Estelle.

"Sasa kuna siku uliona mumoja anaenda bila mwenzake?"

Na ng'ambo ya ua Mama Estelle akapiga vigelegele.