Kioo cha Jicho Moja

Msusi alikuwa na vioo vitatu saluni kwake, kila kimoja kirefu kuliko mteja. Ndiyo maana bibi yake alipomwekea kiganjani kipande cha kioo kisichozidi kiberiti, kingo zake zimevikwa bati, alitabasamu kwa adabu tu.

"Usinicheke, mke mwenzangu," bibi alisema. Alikuwa amejilaza kwenye kochi karibu na dirisha, na pazia lilipanda na kushuka kama pumzi. Siku hizi aliingia usingizini na kutoka kama anayehama chumba, na kila akirudi alirudi na maneno. "Kilikuwa cha mama yangu. Sasa ni chako. Jitazame."

Msusi akaona jicho moja. Alipokishusha, akaona mdomo. Uso mzima haukuenea.

"Mama aliugua ndui angali msichana," bibi aliendelea, macho kafumba. "Alipopona, uso umejaa mashimo mashimo, akavigeuzia ukutani vioo vyote vya nyumbani. Baba alikuwa fundi vioo. Alikuja kutengeneza dirisha, akayaona hayo. Kesho yake akamletea hiki. Akamwambia, 'Leo tazama jicho tu. Ukishalizoea, utazame nyusi.'"

"Akakubali?"

"Alimfukuza. Ila kioo alibaki nacho." Bibi alicheka chini kwa chini, akapitiwa na usingizi.

Siku chache baadaye aliingia saluni mwanamke aliyejitanda mtandio hadi puani. Kabla hata ya salamu, aliomba kiti kigeuzwe kielekee ukutani. Jiko la gesi lilikuwa limemlipukia. Shavu moja lilikuwa limejikunja, na nywele za upande ule ndiyo kwanza zinaota.

Msusi alizipaka mafuta taratibu. Hakujua alianza saa ngapi kusimulia. Alijisikia tu akiongea kwa sauti isiyo yake, ya polepole, yenye usingizi ndani yake, habari za msichana na fundi vioo.

"Hiyo ni hadithi tu, dada," mwanamke alisema.

"Ni mama wa bibi yangu." Akakitoa kioo mfukoni.

Mwanamke alikishika kwa muda mrefu. Akalitazama jicho lake, likamtazama. Kisha akauliza, kwa haya, kama anaweza kuondoka nacho.

Msusi alikitazama kile kioo. Urithi haujamkaa hata wiki, na huyu hata kwao hapajui. Akajikaza, akampa.

Jioni alikwenda kumweleza bibi, akitarajia kusemwa.

"Amefika wapi?" bibi aliuliza.

"Jichoni."

"Basi mwache. Mama ilimchukua kiangazi kizima."

Mvua zikaja, zikaisha. Asubuhi moja yule mwanamke alirudi saluni, mtandio mabegani, uso wazi. Alitaka kukirudisha kioo kwa mkono wake na kumshukuru aliyekitunza. Msusi akafunga mlango wakaenda pamoja.

Bibi alikuwa kochini, kati ya kulala na kuamka. Mwanamke alipoinama kumwamkia, bibi alifumbua macho. Akamtazama. Akanyoosha mkono, vidole vikalipapasa lile shavu lililojikunja, polepole, kama vinavyotambua njia ya nyumbani.

"Mama," alisema. "Umechelewa leo."

Msusi alifungua kinywa kumsahihisha. Mwanamke akatikisa kichwa, akaketi ukingoni mwa kochi, akaushika ule mkono.

"Nimefika," alisema. "Lala."