Kijiko cha Tamasha la Maembe

Nzi walifika kwenye tamasha la maembe kabla ya wageni rasmi. Uwanja mzima hapa Likoni ulikuwa umetapakaa maganda na kokwa zilizofyonzwa, na viatu vyangu, nilivyovipiga rangi asubuhi, vilinata ardhini kila nilipoinua mguu. Jukwaani, wanaume wazima waliofungwa mikono nyuma walikuwa wametumbukiza nyuso katika mabeseni ya maembe, wakishindana kula. Mmoja alitapika kando, akafutwa mdomo, akarudi kwenye beseni. Watu wakampigia makofi.

"Kaka, usikunje uso hivyo," alisema dada yangu Mwanasaumu. "Mtu atadhani umeletwa kwa pingu."

Ni mimi niliyemleta yeye. Nilitaka achari yake itangazwe ya kwanza, Likoni yote isikie jina letu. Yeye alitaka kuja na kikopo kidogo tu. Nikashikilia alete chupa kubwa ya kioo, na yote imejaa, ili ipendeze mezani. Achari ile ilikuwa ya biriani ya Ijumaa, harusi ya mjukuu wake Salha, na hapakuwa na nyingine. Maembe mabichi aliyakata mwenyewe, akayatia chumvi, akayaanika juani, akayazamisha katika mafuta na bizari. Tangu hapo hakikuingia humo kijiko ambacho hakijafutwa kikakauka. Nyumbani kwetu hata mtoto anajua: ikiingia maji kidogo tu, achari huota ukungu.

Jaji wa mashindano ya achari alikuwa bwana mmoja aitwaye Absalom, mwenye fulana ya manjano iliyochorwa embe tumboni. Alikuwa na kijiko kimoja. Alichota chupa ya kwanza, akakilamba mbele na nyuma, akakitumbukiza katika ya pili. Akalamba tena. Kwenye ya tatu alikohoa kijiko kikiwa mdomoni, na ute wa manjano ukamning'inia kidevuni.

"Bwana jaji," nikasema, "kijiko kingine hakuna?"

"Mzee, mate hayajaua mtu."

"Yataua achari."

"Tulia, mzee wangu! Hii ni sherehe, si hospitali."

Watu wakacheka. Akafika kwa Mwanasaumu, kijiko kinameremeta. Dada akafunika mdomo wa chupa kwa kiganja.

"Toa mkono, mama. Nisipoonja, umetoka."

Mwanasaumu akanitazama mimi. Alijua nilivyoutaka ule ushindi. Kanzu niliyovaa ilikuwa ya Idi. Nami nikakitazama kile kijiko, nikaona uzi wa embe la mtu mwingine umeganda ukingoni.

"Funga, dada," nikasema. "Twende zetu."

"Bibi ameogopa!" ikanguruma sauti ya mtangazaji kwenye kipaza sauti. "Achari yake ina siri!"

Mwanasaumu akakaza kifuniko, akaizungushia chupa leso. Kabla hatujafika langoni, mshindi akatangazwa: chupa ya mwisho mezani, iliyopokea mate ya zote. Watu wakaivamia kwa vidole. Mama mmoja akanijia na kipande kinachomdondokea mkononi.

"Onja, babu, ndiyo ya kwanza hii!"

"Ahsante, mwanangu," nikasema, nikirudi nyuma. "Nimeshiba tangu nilipofika."

Mwanasaumu alicheka hadi nikaihofia chupa. Nikaipokea, nikaibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Ijumaa, harusini, nilikaa kando ya chupa na kitambaa kikavu, na kila aliyetaka kuchota alinipa kijiko kwanza.