Hatua Arobaini za Bibi Mwantumu

Jumanne saa tatu kasorobo asubuhi, Asnath alipofungua ofisi ya ushirika pale Old Korogwe, alikuta vitufe vimeanguka tena. Vilikuwa vimetapakaa juu ya meza na sakafuni, vidogo, vya rangi ya buluu, ukubwa wa punje za mahindi, na baadhi bado vilisomeka HIFADHI na CHAPA. Skrini yenyewe ilikuwa nyeupe pe. Asnath aliweka mkoba wake kwenye kiti, akashusha pumzi, akaenda kuchukua fagio.

Hii ilikuwa mara ya tatu katika miaka kumi, na alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Ni yeye aliyeandika programu ya ramani za mashamba ya wanachama wote, wa Korogwe na wa Handeni. Shamba linaonekana kwenye skrini, unaishika kona yake kwa mausi, unaivuta, na mstari wa mpaka unafuata. Programu ya namna hiyo haisimami yenyewe. Hukaa juu ya kiunzi, kazi ya mafundi wa nchi za mbali, nacho ndicho kinachochora madirisha, vitufe na mistari. Mafundi hao wakikichoka kiunzi chao, wakatangaza kwenye mtandao kwamba hawaendelei nacho, basi vyote vilivyochorwa nacho hudondoka. Kiunzi cha kwanza kiliishi miaka minne, cha pili mitatu na ushee, na hiki cha juzi miezi kumi na tisa.

Mara zote tatu aliyechagua ni meneja, Bwana Awadhi. Asnath husema mapema kwamba watafute kiunzi kikongwe, chenye walinzi wengi, kisicho mali ya kampuni moja. Bwana Awadhi humsikiliza vizuri sana, anatikisa kichwa kukubali, kisha anachagua alichokiona semina, chenye vitufe vinavyotupa kivuli. Vikianguka, anauliza Asnath amefanya nini.

Safari hii ilianguka na mistari. Asnath aliikuta nyuma ya kompyuta, kijani, myembamba kama uzi wa cherehani, imejisokota pamoja. Aliipima kwa rula. Urefu wa kidole kimoja ulikuwa sawa na hatua arobaini za shamba. Hapo ndipo alipopata wasiwasi, kwa sababu kila mtu katika ushirika alijua kwamba mkonge uliopandwa mpakani hufuata mstari wa ofisini. Mstari ukisogezwa kwenye skrini, mkonge nao unahama.

Wanachama walitangaziwa waje kuchukua mistari yao waitunze hadi programu mpya itakapokuwa tayari. Asnath aliiweka yote kwenye beseni. Utaratibu ulikuwa ule ule wa kugawa mbegu, wa kugawa mbolea, hata wa kunawishwa mikono kwenye shughuli: wakubwa kwanza. Mzee Mdoe, mwenyekiti wa bodi, alikuja siku ya kwanza, akaomba aachwe peke yake na beseni ili asibabaishwe na watu. Hakuna aliyeona vibaya, maana nani amwambie mwenyekiti asubiri?

Bibi Mwantumu, ambaye shamba lake huko Handeni limepakana na la Mzee Mdoe, alifika siku ya tatu kwa basi la asubuhi. Aliutambua mstari wake mara moja, akauzungusha vidoleni, akautia kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Mbona mwepesi?" aliuliza.

Asnath alijibu kwamba pengine ni kukauka. Baadaye aliyajutia sana maneno hayo.

Kikao cha kuchagua kiunzi kipya kilifanyika wiki iliyofuata. Bwana Awadhi alikuwa na picha za kiunzi kingine kizuri, ambacho vitufe vyake vilipumua. Asnath alisimama na karatasi zake, akijua atakavyotikisiwa kichwa. Alipomaliza, Mzee Mdoe, aliyekuwa ameunga mkono vitufe vya kivuli mara zote tatu, alikohoa.

"Jamani, tumwache binti achague cha kudumu," alisema. "Mpaka ukishawekwa, uwe umewekwa. Mambo ya kila mara kuanza upya yanatuchosha."

Bodi nzima ikakubali. Asnath nusura alie kwa furaha. Miaka kumi alikuwa akiyasema hayo hayo, na leo yalikuwa yametoka kinywani mwa mwenyekiti. Jioni ile alimpigia simu Mzee Laurenti, fundi mstaafu aliyehamia Lutindi kufuga nyuki, ambaye ramani alizozichora enzi za shamba la mkonge bado zinafunguka kwenye kompyuta ya stoo hadi leo. Alitaka kujua yeye alichaguaje.

"Usiulize kinapendezaje," Mzee Laurenti alimwambia. "Uliza waliokitengeneza wana haraka ya kwenda wapi."

Asnath alichagua kiunzi cha miaka ishirini na minane. Kilikuwa cha kijivu, hakina kivuli wala pumzi, na kilitunzwa na watu zaidi ya mia katika nchi nyingi, wasio na haraka ya kwenda popote. Programu zilizoandikwa nacho mwaka wake wa kwanza zilikuwa bado zinafanya kazi. Alijenga kwa miezi saba. Hakuna kitufe kilichodondoka.

Siku ya kurudisha mistari, wanachama walipanga foleni. Kurudisha kulikuwa rahisi: unagusisha ncha ya mstari kwenye kioo, na skrini inauvuta kidogo kidogo mpaka unaisha. Mzee Mdoe alikuwa wa kwanza. Mstari wake uliingia vizuri, kisha ukakwama. Asnath alikuza picha. Kiunzi kile kikongwe kilichora kila nukta kama ilivyo, bila kuipamba, na pale kwenye skrini, upande wa mpaka wa Bibi Mwantumu, palikuwa na fundo. Kipande cha urefu wa kidole kilikuwa kimeungwa.

Alimwita bibi kabla ya zamu yake. Mstari wa kwenye kopo uliingia wote, ukazunguka shamba, na ncha zake mbili hazikukutana. Ulipungua kidole kimoja. Katika hatua hizo arobaini kulikuwa na michungwa tisa na kaburi la marehemu mumewe.

"Nilisema mwepesi," alisema Bibi Mwantumu.

Mzee Mdoe alikuwa akiangalia saa yake. Asnath alimwonyesha Bwana Awadhi lile fundo, akaweka kidole juu yake kabisa. Bwana Awadhi aliinama, akalitazama kwa muda.

"Hicho kiunzi chako hakina kulainisha mistari?"

"Kinacho. Lakini fundo haliondoki, linafichika tu."

"Basi lainisha. Ramani gani hii yenye mafundo? Wageni wakija tutawaambia nini?"

Asnath alikataa. Bwana Awadhi hakugombana naye. Alichukua mausi, akatafuta kisanduku cha kulainisha, akaweka tiki. Fundo likatoweka, na mpaka wa Mzee Mdoe ukapita laini, bila kasoro. Kisha akaishika kona ya shamba la Bibi Mwantumu, akaivuta ndani mpaka ncha zikafikiana, akabonyeza CHAPA, akapiga mhuri.

Kufikia Ijumaa mkonge ulikuwa umehama. Ulipita katikati ya mahindi ya Bibi Mwantumu hatua arobaini bila kukanyaga hata shina moja, ukasimama ukiliacha kaburi upande wa Mzee Mdoe, mizizi ikiwa imeshika kama iliyokuwepo tangu awali. Mzee Mdoe alimtuma kijana kumwambia bibi kwamba anaruhusiwa kumtembelea marehemu siku yoyote, ilimradi apige hodi.

Asnath aliandika barua mbili kwa bodi. Zilijibiwa kwa barua moja, iliyotiwa saini na mwenyekiti, ikimpongeza kwa uchaguzi wa kiunzi imara. Ile tiki alijaribu kuiondoa. Alikuta imefungwa kwa nywila ya meneja.

Tangu hapo Bibi Mwantumu alianza kuja ofisini kila Jumanne. Siku ya kwanza alifika saa nne, kopo lake likiwa kwapani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vile vitufe havijaanguka?"

"Bado, bibi."

"Vikianguka na mistari inaanguka?"

"Inaanguka."

"Sasa nitawahi mimi. Nitalala hapo barazani, huyo mwenyekiti anikute kwenye beseni." Alikaa, akaweka kopo mapajani. "Hiki kiunzi chako kitadumu miaka mingapi?"

Miaka kumi Asnath alikuwa akingoja mtu amuulize swali hilo. Jibu alikuwa nalo, lenye vielelezo. Alitamani kudanganya, akashindwa.

"Thelathini, bibi. Pengine na zaidi."

Bibi Mwantumu alikuwa na miaka sabini na minane. Alihesabu kwa vidole, mkono mmoja, kisha wa pili, akaacha kabla ya kufika.

"Umechagua vizuri," alisema, na hakuwa anamsimanga.

Kisha akafungua kopo, akaliweka sakafuni chini ya ukingo wa meza, mdomo ukitazama skrini, akakaa kusubiri. Asnath alichukua fagio, akafagia kulizunguka, ingawa sakafu ilikuwa safi tangu asubuhi.